Pedali za bei nafuu kwa milima ya Marani: Mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa

Na MWANDISHI WETU

MWENDESHAJI baiskeli hugusana na chombo chake katika sehemu tatu pekee: mikono kwenye usukani, makalio kwenye kiti na nyayo kwenye pedali.

Katika miteremko ya Marani, Kaunti ya Kisii, sehemu ya pili hutoweka, kwa kuwa kila mzoefu huinuka kitini ili baiskeli icheze chini yake inapopita juu ya mawe na mitaro. Wakati huo uzito wa mwili wake huwa umesimama juu ya vipande viwili vidogo vya chuma au plastiki.

Vipande hivyo ndivyo aghalabu hukaguliwa mwisho wakati wa kununua baiskeli, ikiwa vitakaguliwa kabisa. Mnunuzi hutazama rangi, huhesabu gia, hubinya breki na matairi, kisha hulipa na kwenda zake. Pedali huzikumbuka siku mguu unapoteleza.

Na mguu ukiteleza mlimani, madhara si haba. Pedali huzunguka na kuupiga muundi kwa meno yake, au mwendeshaji huangukia chuma cha katikati cha fremu. Lililo baya zaidi ni kupoteza usukani mahali ambapo upande mmoja wa njia kuna mtaro na upande wa pili kuna matatu inayopanda kwa kasi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua pedali bapa, yaani zile zisizofungana na kiatu, bila kutumia pesa nyingi. Hoja yenyewe ni moja. Kwa mkazi wa Marani, pedali nafuu si lazima iwe ile yenye bei ya chini zaidi dukani. Ni ile inayoshika kiatu wakati wa mvua, inayoweza kufunguliwa na fundi wa karibu, na isiyoharibu sehemu nyingine ya baiskeli.

Milima, mvua na udongo mwekundu

Marani ni miongoni mwa wadi nne za eneobunge la Kitutu Chache Kaskazini, pamoja na Kegogi, Sensi na Monyerero. Ni nchi ya vilima vilivyosongamana, migomba, chai na mahindi, ambapo ni vigumu kwenda kilomita moja bila kupanda au kuteremka.

Nyanda za juu za Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mvua ya masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na ya vuli kati ya Septemba na Novemba, lakini hata miezi iliyosalia haikauki kabisa. Udongo mwekundu wa huko una mfinyanzi mwingi. Ukilowa hunata kwenye soli, hujaza mianya ya pedali na kugeuka utelezi.

Tangu pikipiki zienee mwishoni mwa miaka ya 2000, baiskeli imepokonywa sehemu kubwa ya kazi ya kubeba abiria. Hata hivyo haijatoweka. Bado kuna mwanafunzi anayeitumia kwenda shuleni, mkulima anayepeleka ndizi sokoni au mahindi kwenye kinu, na kijana anayeendesha kwa ajili ya mazoezi.

Kilichobadilika ni aina ya baiskeli. Zamani palikuwa na Black Mamba, ile nyeusi, nzito, yenye pedali za mpira. Siku hizi wengi hununua baiskeli za milimani zenye gia, magurudumu mapana na fremu fupi. Nyingi kati ya zile za bei ya chini huja na pedali dhaifu za plastiki, kwa sababu hapo ndipo mtengenezaji hupunguzia gharama bila mnunuzi kugundua.

Kwa nini bapa?

Baadhi ya vijana wanaotazama mashindano kwenye televisheni huamini kwamba pedali za kweli ni zile zinazonasa kiatu. Ni vyema kufahamu zilikotoka.

Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, iliuza pedali zinazonasa kiatu kwa utaratibu uo huo. Mwaka uliofuata, Mfaransa Bernard Hinault alishinda Tour de France akizitumia. Mnamo 1990 kampuni ya Shimano ya Japani ikatoa aina yake kwa ajili ya baiskeli za milimani.

Pedali hizo zina manufaa kwa mwanamichezo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kunolewa na David Kinjah katika barabara za Kikuyu, hangeweza kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017 bila kufungwa miguu kwenye pedali kama wapinzani wake.

Lakini mwenye kwenda sokoni, shuleni au shambani hahitaji hayo. Pedali za kunasa hudai viatu maalumu vyenye kipande cha chuma chini ya soli. Aidha, matope yakiingia kwenye kifungio, mguu unaweza kukataa kutoka wakati ng'ombe amejitokeza ghafla njiani. Pedali bapa humwezesha mtu kuweka mguu chini papo hapo, na huvaliwa viatu vyovyote.

Wala si kweli kwamba pedali bapa ni za wasiojua. Sam Hill wa Australia alitwaa ubingwa wa mfululizo wa mashindano ya dunia ya enduro miaka ya 2017, 2018 na 2019 akitumia pedali bapa, ilhali wapinzani wake wengi walikuwa wamefungwa miguu.

Aina tano na tabia zake

Mtu akiingia katika duka la vipuri mjini Kisii au kwenye kibanda cha fundi, atakutana na pedali bapa za aina tano kwa jumla.

Ya kwanza ni ya mpira, iliyorithiwa kutoka kwa Black Mamba. Ina vipande viwili vya mpira vilivyoshikwa na vyuma. Haiumizi mguu mtupu na haipigi kelele. Kasoro yake ni kwamba mpira ukilika na kuwa laini, kisha ukapata maji, hushika vibaya. Kwa njia tambarare inatosha, lakini kwa mteremko wenye mawe haitoshi.

Ya pili ni plastiki tupu, ambayo huja na baiskeli nyingi za bei ya chini. Vinundu vyake vya kushika kiatu hulika upesi, na kingo zake huvunjika baiskeli inapoanguka. Baadhi hazina hata gololi ndani, bali ekseli ya chuma husuguana moja kwa moja na plastiki.

Ya tatu ni ya bati au chuma chenye kingo za meno kama msumeno. Hushika kiatu vizuri na matope hupenya kwa urahisi. Hata hivyo, meno hayo hukata nyayo za asiyevaa viatu, na yakipiga muundi huacha jeraha refu. Tena chuma chembamba hupinda kikigonga jiwe.

Ya nne ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, yenye pini ndogo za chuma juu yake. Kwa macho yaweza kudhaniwa kuwa plastiki ya kawaida, lakini ni ngumu mno. Haipati kutu, ni nyepesi, na ikigonga jiwe huteleza juu yake badala ya kupinda.

Ya tano ni alumini yenye pini. Ni imara na hupendeza, lakini ndiyo ghali zaidi, na ndiyo huigwa zaidi na watengenezaji wa bidhaa duni. Alumini hafifu iliyopakwa rangi ya kung'aa inaweza kupasuka kuliko nailoni ya nusu ya bei yake.

Kwa hiyo, pesa zikiwa chache na njia ikiwa ya milima, nailoni yenye pini ndiyo chaguo la kwanza. Mng'aro wa chuma usikuhadae.

Pini, upana na mianya

Kinachozuia mguu usiteleze si uzito wa pedali, bali ni mambo matatu yanayoonekana kwa macho.

Jambo la kwanza ni pini. Pedali nzuri huwa na takriban pini nane hadi kumi kila upande, nazo ni za chuma na zinaweza kufunguliwa. Pini ikivunjika au kulika, hubadilishwa peke yake. Vinundu vilivyofinyangwa pamoja na plastiki vikilika, pedali nzima imekwisha.

La pili ni upana. Uwanja wa takriban sentimita 10 kwa 10 hutosha mtu mzima aliyevaa viatu au gambuti. Pedali finyu hubana uzito wote mahali padogo, na nyayo huuma baada ya safari ndefu. Pedali pana kupita kiasi nazo hugonga mawe na kingo za njia wakati wa kukata kona.

La tatu ni mianya. Uwanja uliojaa bila matundu hugeuka bamba la matope. Chagua pedali ambayo ukiitazama kutoka juu unaona ardhi kupitia katikati yake, ili udongo usukumwe chini kila unapokanyaga.

Ukiweza, weka pia rula juu ya pedali. Ikiwa katikati pamebonyea kidogo kuliko kingo za mbele na nyuma, kiatu kitatulia vizuri zaidi kuliko kwenye pedali iliyovimba katikati.

Viatu ndivyo huamua

Hakuna pedali inayofaa kila mguu. Kabla ya kwenda dukani, mtu ajiulize baiskeli hiyo itaendeshwa na nani, naye huvaa nini.

Anayevaa viatu vya soli bapa ya mpira, viwe vya mazoezi au vya shule, atafaidi pini kwa ukamilifu, kwa kuwa huzama kidogo kwenye mpira na kuushika. Soli ngumu iliyolika, kwa upande mwingine, huteleza hata juu ya pini.

Gambuti hushikwa vyema na pini, lakini pini kali hula soli yake polepole. Kwa anayezivaa kila siku, pini fupi zilizo butu kidogo zinafaa zaidi.

Mwenye ndara au akala ana hatari mbili: kiatu chenyewe huchomoka, na pini zinaweza kumchoma mguu kiatu kikisogea. Huyu afadhali achague nailoni yenye vinundu butu, au pedali ya mpira ambayo mpira wake ni mpya na wenye mifereji mirefu. Mtoto anayeendesha bila viatu asipewe kabisa pedali za pini wala za meno.

Kilichofichika ndani

Pedali hukanyagwa kwa nje, lakini hufa kwa ndani. Humo mna ekseli, ambayo ni mti wa chuma unaoingia kwenye mkono wa pedali, na gololi au vifaa vingine vinavyoiruhusu pedali kuzunguka.

Hesabu ndogo huonyesha kazi iliyopo. Mtu anayezungusha miguu mara 60 kwa dakika huizungusha kila pedali mara 3,600 kwa saa. Akiendesha saa moja kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, idadi hiyo hufika 1,080,000. Hakuna plastiki isiyo na gololi itakayostahimili msuguano huo huku ikibeba uzito wa mtu mzima.

Kuna mifumo mitatu. Wa kwanza ni gololi za kawaida zilizopangwa duara, zikishikiliwa na nati mbili zinazoweza kukazwa au kulegezwa. Wa pili ni bushi, yaani bomba fupi laini ambamo ekseli huzunguka. Wa tatu ni beringi zilizofungwa, ambazo huja zikiwa kipande kimoja.

Vitabu vya wanamichezo husifu mfumo wa tatu, na ni kweli kwamba huzuia maji vizuri zaidi. Lakini beringi iliyofungwa ikiharibika, lazima ipatikane nyingine ya kipimo kile kile. Gololi za kawaida fundi yeyote wa jua kali anazijua: hufungua kifuniko cha mwisho wa pedali, huosha, hupaka grisi, hubadilisha gololi zilizolika na kufunga tena.

Kwa mantiki hiyo, pedali iliyo nyuma kiteknolojia inaweza kuwa mbele kwa manufaa. Kwa mtu aishiye mbali na maduka makubwa, kifaa bora ni kile kinachotengenezeka karibu na nyumbani.

Majaribio matano dukani

Muuza duka hatakataa mteja kuishika pedali mkononi. Ichukue na uifanyie haya.

Shika ekseli kwa vidole na uizungushe pedali. Inapaswa kuzunguka kwa ulaini, bila kukwaruza wala kukwama. Pedali inayozunguka muda mrefu sana kama pia huenda haina grisi ndani, hivyo wepesi usiwe kigezo pekee.

Isukume na kuivuta kuelekea kwenye ekseli, kisha uitikise juu na chini. Ikicheza na kutoa mlio, imelegea. Ikiwa ina nati za kukaza, tatizo linatibika. Ikiwa haina, iache.

Tazama mwisho wa nje wa pedali. Kifuniko kinachofunguka kwa spana, bisibisi au kwa mkono ni dalili kwamba fundi ataweza kuingia. Pedali iliyozibwa pande zote ni ya kutumia na kutupa.

Bonyeza kingo zake kwa kidole gumba kwa nguvu. Plastiki laini hukunjika, ilhali nailoni yenye nyuzi za kioo haitikisiki.

Mwisho, kagua hesi, yaani ile mistari ya parafujo kwenye ekseli. Iwe safi, yenye ncha zilizonyooka, bila michubuko.

Kipimo na upande

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Baiskeli nyingi za watu wazima hutumia ekseli yenye kipenyo cha inchi 9/16, ambacho ni takriban milimita 14.3. Baiskeli nyingi za watoto, hasa zile ambazo mikono yote miwili ya pedali imekunjwa kutoka chuma kimoja, hutumia inchi 1/2, sawa na milimita 12.7. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini pedali ya kipimo kimoja haifai kabisa kwa kingine. Njia ya hakika ni kwenda dukani na pedali ya zamani.

Pili, pedali ya kushoto na ya kulia si sawa. Ya kulia hukazwa kama parafujo ya kawaida, kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa. Ya kushoto hukazwa kinyume. Sababu ni kwamba uzito wa mguu unaozunguka huifanya ekseli ijiviringishe kidogo kidogo ndani ya tundu lake. Kama hesi zote zingekuwa za upande mmoja, pedali ya kushoto ingejifungua yenyewe njiani.

Watengenezaji huandika herufi R kwa kulia na L kwa kushoto mwishoni mwa ekseli. Ikiwa herufi zimefutika, simamisha ekseli wima na uitazame mistari yake. Ikipanda kuelekea mkono wako wa kulia, pedali ni ya kulia. Ikipanda kuelekea kushoto, ni ya kushoto.

Anayelazimisha pedali ya upande usio wake huharibu hesi za mkono wa pedali. Mikono mingi ya baiskeli za milimani ni ya alumini, ambayo ni laini kuliko chuma cha ekseli, na ndiyo hushindwa. Kosa la dakika moja kwenye pedali ya bei ndogo huzaa gharama ya mkono mzima. Kuichomelea pedali ili isitoke si tiba, kwa kuwa siku itakapochakaa haitatoka tena bila kukatwa.

Hesabu ya bei

Tuchukue mfano wa kukadiria. Pedali za Sh400 zikidumu miezi minne, mwenye baiskeli atanunua jozi sita katika miaka miwili, sawa na Sh2,400. Pedali za Sh1,500 zikidumu miaka hiyo miwili kwa kubadilishwa grisi tu, ameokoa Sh900, bila kuhesabu nauli za kwenda kununua upya wala siku alizotembea kwa miguu.

Bei hubadilika kutoka duka hadi duka, lakini kanuni haibadiliki: gawanya bei kwa miezi unayotarajia pedali idumu. Kitakachopatikana ndicho bei ya kweli.

Hata hivyo, mchagua nazi hupata koroma. Pedali za wanamichezo za alumini iliyochongwa kwa mashine, zenye ekseli za metali ghali, hazimwongezei mkulima usalama unaolingana na bei yake. Ukishapata pini, ekseli ya chuma imara na gololi zinazofunguka, kila shilingi ya ziada hununua wepesi na sura tu.

Mitumba na majina ya kughushi

Njia nyingine ya kupunguza gharama ni pedali zilizotumika. Baiskeli za mitumba kutoka Ulaya na Japani huuzwa nchini, na pedali zilizokuja nazo mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei sawa. Pini zilizolika zisikutishe ikiwa zinaweza kubadilishwa.

La kuchunguza ni ekseli. Izungushe polepole huku ukitazama ncha yake. Ikiyumba kama mtu mlevi, imepinda, na hakuna fundi atakayeinyoosha ikawa salama tena. Chuma kilichopinda mara moja hudhoofika.

Kuhusu majina, Shimano ya Japani na Wellgo ya Taiwan ni miongoni mwa watengenezaji wanaofahamika wa pedali za viwango mbalimbali vya bei, na jina linalofahamika huvutia waigaji. Dalili za uigaji ni maandishi yaliyopakwa rangi ambayo hufutika kwa kucha, herufi zilizokosewa, na tofauti kati ya pedali mbili za jozi moja.

Kenya ina Sheria dhidi ya Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 na Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012. Lakini sheria humfaa zaidi mwenye ushahidi. Dai risiti, na kabla ya kuondoka mkubaliane na muuzaji kuhusu kurudisha pedali zisizoingia.

Kufunga na kutunza

Pedali hufungwa kwa spana ya milimita 15 iliyo nyembamba, na baadhi hutumia ufunguo wa pembe sita kutoka upande wa ndani. Safisha tundu la mkono wa pedali, paka grisi kwenye hesi, kisha anza kuzungusha kwa vidole. Ikikataa kuingia kwa vidole katika mizunguko mitatu ya kwanza, usiilazimishe kwa spana. Itoe uanze upya.

Kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: spana ikiwa juu, pedali zote mbili hukazwa kuelekea gurudumu la mbele na hufunguliwa kuelekea gurudumu la nyuma. Nguvu ya kama kilo 18 mwishoni mwa spana ya urefu wa sentimita 20 yatosha. Baada ya safari ya kwanza, kaza tena.

Msimu wa mvua, osha matope kwa maji ya ndoo na kitambaa. Usielekeze bomba la maji ya kasi kwenye ekseli, kwa kuwa husukuma maji na mchanga ndani ya gololi. Wala usitumie mafuta machafu ya injini badala ya grisi, maana huoshwa na mvua ya kwanza na hubeba chembe zinazosaga chuma.

Fungua pedali mwanzoni na mwishoni mwa kila msimu wa mvua. Ukisikia mlio wa kugonga kila mguu unaposhuka, au ukihisi pedali ikicheza, usingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta: gololi moja iliyovunjika ikiachwa wiki kadhaa hula njia yake yote, na grisi ya shilingi chache haitasaidia tena.

Kuna jambo la mwisho ambalo wengi husahau. Pedali nyingi za kale zina vipande vya kuakisi mwanga, ambavyo hupanda na kushuka mbele ya taa za gari na kumjulisha dereva mara moja kwamba aliye mbele ni baiskeli. Pedali nyingi za pini hazina vipande hivyo. Anayebadilisha aina moja kwa nyingine na huwa njiani jioni avae mkanda wa kuakisi mwanga kwenye kifundo cha mguu, ambao hufanya kazi ile ile.

Nani anunue ipi?

Kwa muhtasari, kijana wa mazoezi na mwanafunzi mkubwa mwenye viatu wachukue nailoni yenye pini za chuma, upana wa sentimita 10, na gololi zinazofunguka. Mkulima wa gambuti achukue hiyo hiyo yenye pini fupi. Mwenye ndara achague vinundu butu au mpira mpya. Mtoto anunuliwe pedali za kipimo cha baiskeli yake, zisizo na ncha, naye afundishwe kuzisawazisha pedali zote mbili usawa mmoja anapoteremka, asining'inize mguu mmoja chini.

Mwenye pesa kidogo zaidi, ambaye hawezi kununua mpya mwezi huu, bado ana la kufanya. Akaze zilizopo, azipake grisi, asugue matope kwenye vinundu, na ateremke miteremko mikali akiisukuma baiskeli kwa mkono siku za mvua hadi atakapozibadilisha.

Na anayemnunulia mwanawe baiskeli ya kwenda shule asiulize tu ina gia ngapi. Aigeuze juu chini papo hapo dukani, azungushe pedali, azitikise, na ajiulize kama angemruhusu mtoto huyo kusimama juu ya vipande hivyo viwili asubuhi ya mvua, mlima ukiwa mbele yake.